Hatua Mia Tatu na Ishirini

Nina daftari moja ambalo mke wangu amelikuta mara tatu akipanga kabati, na mara zote ameniuliza kama awashie moto jikoni. Nimemwambia alirudishe alipolitoa. Ni daftari kubwa la jalada gumu, lilitoka stoo ya shamba la ngano la serikali, chini ya Mlima Hanang, na ndani yake nimeandika kwa mkono wangu maendeleo ya watu wanne ambao hawakuwahi kuzaliwa. Humo humo kuna kaburi la mzee mmoja wa Kibarabaig, wafugaji wa nchi ile, limeandikwa kwa wino. Kaburi lenyewe nilililima mimi, kwa trekta. Aliyenielekeza lilipo ni mwanawe, alinielekeza miezi mingi kabla, nami niliandika maneno yake yote bila kuelewa hata moja. Mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama.

Nianze na mimi mwenyewe, maana sitaki mtu anionee huruma bure. Natoka Tumati, kule juu Mbulu, kwa watu wa jembe la mkono na maksai wawili, wanaolima vishamba vya mteremkoni na kusali kila Jumapili. Nilikuja shambani na cheti cha kidato cha nne ambacho sikupenda kumwonyesha mtu, nikafundishwa kuendesha trekta. Vitu viwili nilitoka navyo shuleni: mwandiko mzuri na hasira za karibu. Mwandiko ulinipa heshima, watu walinijia niwaandikie barua za posa na za kuomba ruhusa. Hasira zilinikosanisha na watu hao hao, maana mtu akinikatiza ninapoandika nilikuwa namtupia kalamu.

Mchezo ulikuja na fundi mmoja Mzungu aliyeletwa kutengeneza kombaini. Mwaka ule kombaini mbili zilikufa katikati ya mavuno, vipuri vikaagizwa ng'ambo, na yule fundi akawa hana la kufanya ila kukaa karakana akichonga vijiti. Jumamosi moja mchana, baada ya kazi, alitumwagia mezani dadu za rangi rangi, nyingine zina pande nne, nyingine pande ishirini. Nilibaki mdomo wazi. Nilijua watoto wa Wazungu wana midoli, lakini huyu alikuwa na ndevu nyeupe na wajukuu, na alitutazama kwa furaha kabisa, akisubiri tuketi.

Tuliketi watatu. Mimi, muuguzi wa zahanati ya shamba, aliyekuwa dada mcheshi mwenye Kiingereza kizuri kuliko changu, na fundi wa kuchomelea, kijana wa familia ya wafanyabiashara Waislamu wa Katesh, ambaye hakuamini kitu mpaka akishike. Mzungu akatueleza. Kila mmoja anajitungia mtu wa karatasi. Yeye anasimulia safari: mmefika kwenye mto, mbele kuna lango, langoni kuna jitu. Wewe unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu, dadu inaamua. Mtu wako akifanya jambo la maana anapata pointi, pointi zikitosha anapanda daraja, na kila akipanda unamchagulia ujuzi mmoja mpya. Hilo la madaraja tulilielewa upesi, kwa sababu shambani nasi tulikuwa na dereva daraja la tatu, la pili na la kwanza, na kila mtu aliota kupanda.

Kwa sababu ya mwandiko, kazi ya kuweka kumbukumbu ikawa yangu. Nilichora safu kwa rula: mtu, daraja, pointi, ujuzi. Pointi ziliandikwa kwa penseli, kwa kuwa zinabadilika kila wiki. Ujuzi uliandikwa kwa wino, maana ukishajulikana haupotei. Mzungu alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa daftari. Siku moja fundi wa kuchomelea alidai wiki iliyopita aliahidiwa pointi kumi, akaapa na kuapa. Mzungu akanigeukia mimi. Nikatafuta, hazimo. Akamnyima, na akasema sheria moja ambayo niliitafsiri kwa Kiswahili ili wote wasikie: kisichoandikwa hakikutokea.

Hapo ndipo mlinzi aliposema kitu kwa mara ya kwanza. Alikuwa Mbarabaig wa makamo, mrefu, amejitanda shuka, na kila Jumamosi mchana zamu yake ilikuwa mlango wa karakana. Wiki nne nzima alikuwa amesimama pale na fimbo yake akitutazama bila neno, nami moyoni nilimwona kama nguzo ya mlango. Aliniuliza, polepole, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na kilichoandikwa je? Nikamuuliza Mzungu. Jibu likaja: kilichoandikwa kimetokea. Akauliza tena, hata akija mtu mwingine akalichukua hilo daftari? Mzungu akasema ndiyo, hata akija mwingine, ataendelea pale pale tulipoishia. Mlinzi akaegemeza fimbo ukutani, akaja akakaa kwenye benchi upande wangu.

Nilikasirika, sitaficha. Hajui kusoma, hajui kuandika, atacheza nini? Mzungu akasema yeye atasema, wewe utaandika. Basi nikaandika. Kila mmoja wetu alikuwa amejitungia mtu wa ajabu: wa muuguzi alikuwa mganga anayerusha moto, wa fundi alikuwa mwizi asiyeshikika, wangu alikuwa mfalme aliyenyang'anywa kiti. Mlinzi alipoulizwa mtu wake ni nani, alisema ni mtu anayetembea. Anatembea afanye nini? Anatembea tu. Tulicheka mpaka fundi akapaliwa na chai.

Mtu anayetembea alipanda daraja haraka kutuzidi wote, kwa sababu mlinzi alikuwa na bahati ya dadu na hakuogopa. Jitu likitokea, sisi tunabishana, yeye amekwisha kurusha mkuki. Ila ilipofika kuchagua ujuzi, jamani, alinitoa kijasho. Muuguzi alichagua kuzima homa kwa kupuliza. Fundi alichagua kufungua kufuli lolote kwa kidole. Mlinzi akasema, andika: anajua kisima. Kisima gani? Kile cha upande wa magharibi wa kilima cha mawe mekundu, ambacho maji yake hayakauki hata kiangazi, ukichimba mkono mmoja unayapata. Nikamwambia mzee, huo si ujuzi, huo haukusaidii kitu kwenye dadu. Akasema andika.

Nikaandika. Daraja la tatu anajua njia ya ng'ombe kwenda kwenye chumvi. Daraja la nne anajua mti wanapokutana wanawake wakiwa na shauri. Daraja la tano anajua mahali mzee amelala. La sita, mahali mzee mwingine amelala. Kila kimoja kilikuja na maelezo yake: kutoka jiwe fulani, kuelekea wapi, hatua ngapi. Tulimtania kwamba mtu wake ni mpima ardhi, kwamba siku jitu likimkamata atamtajia visima mpaka lilale. Naye alicheka pamoja nasi, cheko fupi, halafu ananiambia nisome nilichoandika.

Hilo la kusoma ndilo lililonichosha zaidi. Kila Jumamosi kabla hatujaanza ilikuwa lazima nimsomee ukurasa wake wote, kuanzia daraja la kwanza. Wengine wanasubiri, chai inapoa, mimi nasoma visima. Na alikuwa anasahihisha. Niliwahi kusoma hatua mia tatu, akasema si mia tatu, ni mia tatu na ishirini. Nikamuuliza kwa hasira tofauti ni nini, yote si ya kutunga? Alisema alikwenda kuhesabu tena. Nilidhani anatania. Nikakata kwa mstari, nikaandika upya juu yake, nikinung'unika kwamba ananiharibia ukurasa.

Mara moja tu aligombana nasi. Mzungu alikuwa amekwisha kumaliza mkataba na kurudi kwao, akaniachia dadu ndani ya kopo la kahawa pamoja na kazi ya kusimulia, na mimi nikataka kuonyesha kwamba naweza. Nikaona humu daftarini kuna wazee wengi waliolala, mbona hawana kazi? Nikasimulia kwamba safari yetu imefika mahali mzee amelala, na mganga wa muuguzi akasema atamwamsha kwa moto ili atupe siri ya lango. Ulikuwa mchezo mzuri kabisa. Mlinzi akasimama. Akachukua dadu mkononi mwa muuguzi kabla hajazirusha, akazirudisha kwenye kopo, akafunga kifuniko, akarudi mlangoni kwake. Hakuja mezani wiki mbili. Muuguzi alimwomba radhi bila kujua kosa, mimi sikuomba, nilisema ana kichwa kigumu. Wiki ya tatu alirudi akaketi, nikaendelea na safari nyingine.

Nilikuwa na kila sababu ya kuelewa. Nilikuwa naishi shambani humo humo. Mara nyingi nikipita na trekta niliwaona wazee wa Kibarabaig wamekaa nje ya ofisi ya shamba, juani, tangu asubuhi mpaka saa nane. Walikuja kusema kwamba mashamba yamefunga njia za ng'ombe na kwamba makaburi ya wazee wao yamo kwenye mabloku, vile vipande vikubwa vya kulima ngano. Ofisini waliulizwa, yako wapi maandishi? Nani ameyapima? Wakaondoka na fimbo zao. Mimi niliwapigia honi wapishe barabara. Sisi watu wa Mbulu tulikuwa na maneno yetu kuwahusu hao jirani zetu, na si maneno mazuri, nami nilikuwa nayo mdomoni kama wengine.

Basi ikafika siku ya bloku jipya, upande wa kwenda Getanuwas. Ardhi ilikuwa haijawahi kuguswa na jembe. Nilitumwa mimi kulifungua, na jembe la sahani nyuma, na mwenzangu afuate kesho yake. Nilifika jua likiwa bado la chini, nikashuka nikague kama kuna mawe. Mbele yangu palikuwa na mgunga mkubwa uliopasuliwa na radi, nusu yake imelala chini na bado ina majani. Nikauangalia. Nikajisemea, mti huu naujua.

Sikuwa nimewahi kufika pale hata siku moja. Nilisimama na spana mkononi nikijiuliza nimeuona wapi, kisha jibu likaja. Sikuwa nimeuona. Nilikuwa nimeuandika. Daraja la kumi na moja: anajua mahali baba amelala, kutoka mgunga uliopasuliwa na radi, ambao nusu imelala na haikufa, hatua mia tatu na ishirini kuelekea mlimani.

Niliuegemea mgongo ule mti, nikaelekea Hanang, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Nilijiambia nitafika mia tatu na ishirini nikute nyasi tupu, nirudi nicheke, na Jumamosi nimwambie mzee umenitisha. Nilipofika mia mbili na themanini nililiona. Tuta la udongo, la mviringo, limemea nyasi fupi, kimo cha kifua changu, na juu yake kipande cha nguzo kilicholiwa na mchwa. Nilikuwa nimesikia kwamba hivyo ndivyo wanavyomzika mzee aliyeheshimiwa sana. Koo zinakusanyika, wanamjengea tuta siku baada ya siku, miezi mingi, na likiisha hakuna anayeligusa tena. Nilifika hatua ya mia tatu na kumi na nne, mguu wangu ukagusa ukingo wake. Mimi ni mfupi kuliko mlinzi, lakini siku ile nilitembea kwa hatua ndefu za woga.

Mungu wangu. Nilikaa chini. Kilichonishtua si kaburi, makaburi yapo kila mahali. Kilichonishtua ni visima vyote, njia zote, wazee wote waliolala, ukurasa mzima niliousoma kila Jumamosi huku napiga miayo. Vyote vilikuwepo. Miaka miwili mtu alikuwa ananiandikisha nchi yake, na mimi nilimwambia haisaidii kitu kwenye dadu.

Mlinzi mwenyewe hakuwepo, alikuwa amechukua likizo kwenda kwenye ng'ombe wake. Niliacha trekta pale pale, nikatembea mpaka chumbani kwangu, nikachukua daftari, nikaenda moja kwa moja kwa meneja. Nilijua ninachokwenda kusema. Wazee waliulizwa maandishi, mimi ninayo maandishi. Nilikuwa na furaha fulani hata, furaha ya mtu ambaye mwandiko wake hatimaye utafaa kitu.

Meneja alikuwa mtu mwenye adabu, hakunifukuza. Alilifungua daftari mezani, akasoma. Akageuza ukurasa. Mabega yakaanza kumtikisika. Akamwita mpiga chapa wake aje asikie, akamsomea kwa sauti jinsi mganga wa daraja la nne anavyozima homa kwa kupuliza, na jinsi mwizi anavyofungua kufuli kwa kidole. Walicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Nikamwonyesha ukurasa wa mlinzi, nikamwambia huu ni wa kweli, nimetoka kupima sasa hivi, kaburi liko pale. Akaacha kucheka, akaniangalia, nadhani kwa huruma.

"Kama ni la kweli," akasema, "mbona umeliandika kwenye mchezo?"

Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Na pale pale, mbele ya meza ya mtu, ndipo nilipomwelewa mlinzi kwa mara ya kwanza. Hakuwa na kalamu, hakuwa na karani, na shamba zima hapakuwa na mtu ambaye angeandika neno la Mbarabaig bila kumuuliza la nini. Isipokuwa sisi, siku ya Jumamosi, na kopo letu la dadu. Alisikia sheria kwamba kilichoandikwa kimetokea, akaiamini. Alipanda daraja baada ya daraja ili apate mstari baada ya mstari. Na sisi tuliiweka mistari hiyo katikati ya jitu na mganga, mahali ambapo hakuna mtu mwenye mhuri angeisoma bila kucheka.

Nilirudi bloku. Nilianza kulima, nikaliacha lile tuta, nikalizunguka kwa mbali, duara kubwa kama boma. Saa kumi jioni gari la meneja likaja. Alishuka akaangalia duara langu. Hakupaza sauti. Alisema bloku ni bloku, ngano haiwezi kuzunguka vichuguu, na kwamba naweza kumaliza kazi au naweza kumkabidhi funguo aje dereva mwingine aimalize na mimi niende kwetu. Nilikuwa na watoto wawili na wa tatu alikuwa njiani. Nalisema hilo kueleza tu, sijitetei, kwa sababu duara lingelimwa hata hivyo ila mwenye kulilima angeweza kuwa mtu mwingine, asiwe mimi.

Nikapanda trekta. Mara ya kwanza sahani ziliteleza juu ya zile nyasi, hazikuingia. Mara ya pili ziliingia. Udongo wa ndani ulikuwa mwekundu, tofauti na mweusi wa bondeni pale. Waliubeba kutoka mahali pengine, kwa mikono. Ile nguzo ilivunjika bila sauti. Nilipita mara tisa. Nilipomaliza meneja alikuwa amekwisha kuondoka. Kisha nikarudisha trekta karakana, nikajaza fomu ya saa za kazi, nikatia sahihi.

Jumamosi ilipofika, siku ya mlinzi kurudi kazini, sikutaka kwenda. Muuguzi alinifuata chumbani, akaniambia twende, ukijificha itakuwa mbaya zaidi. Fundi wa kuchomelea alikuwa amekwisha kukaa, hana utani hata mmoja. Wote walikuwa wamesikia. Tulikubaliana kwamba hatutacheza, tutamsubiri tu, tumpe pole. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nimeyaandika hata kwenye karatasi, mimi na mwandiko wangu.

Alikuja saa ile ile ya siku zote. Akaegemeza fimbo pale pale. Nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akaitikia, sauti ile ile, ingawa nilitegemea asiitikie. Akakaa kwenye benchi, upande wangu. Nikafungua mdomo nianze pole yangu. Akanionyesha daftari kwa kidevu, kwamba nisome.

Nikasoma. Kisima. Njia ya chumvi. Mti wa wanawake. Wazee mmoja mmoja. Nilipofika daraja la kumi nikasimama, nikasema mzee, hapa mbele sitaweza. Akasema soma. Nikasoma la kumi na moja, neno kwa neno, mgunga, radi, nusu iliyolala, nikaishia kabla ya hesabu.

"Hatua ngapi?" akauliza.

Nikamwambia mzee, pale sasa hapana kitu. Nilianza kulia, mbele ya muuguzi na mbele ya fundi, sikujali.

"Sijauliza kama pana kitu. Nimeuliza hatua."

"Mia tatu na ishirini."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi. Nikamuuliza kama anataka niukate ule mstari. Akasema ujuzi haupotei, sheria ndiyo ilivyosema. Halafu akauliza kama mtu wake ana pointi. Niliangalia safu ya penseli. Alikuwa nazo. Zilitimia wiki mbili nyuma, kabla hajaenda likizo, na tulikuwa bado hatujamchagulia ujuzi wa daraja la kumi na mbili. Nikamwambia.

"Andika," akasema. "Anamjua aliyelima."

Muuguzi akajishika mdomo. Mimi nilishika kalamu, nikabaki naizungusha vidoleni. Mlinzi alinisubiri bila haraka, kama alivyonisubiri Jumamosi zote nikinoa penseli. Nikaandika: anamjua aliyelima. Nikadhani yameisha. Akasema visima vina majina na wazee wana majina, na huyu naye ana jina. Nikamuuliza, jina lipi, nikiwa najua lipi. Akasema yeye hajui kuandika, lakini mimi najua, na jina lile nimeliandika tangu shule.

Nikaliandika. Langu, la baba yangu na la babu yangu, yote matatu, kwa mwandiko ule ule uliosifiwa. Lilijaza mstari mpaka ukingoni. Akaniambia nimsomee, nikamsomea jina langu kwa sauti, na yeye akalisikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa, kama alivyosikiliza visima. Halafu aliniuliza kama nimetumia penseli au wino.

"Ni wino, mzee," nikasema.